Punguza wingi, usipunguze ukali

Maneno ya kufunga mazoezi ya mwaka, kwa wanafunzi wa karate na wazazi wao, Mtwara mjini

Wazee wetu, shikamooni. Wazazi na walezi, asalaam alaykum, Bwana asifiwe. Wanafunzi, kaeni chini, nyoosheni miguu, leo hakuna kupiga magoti.

Tumewaita wazazi kwenye kipindi hiki cha mwisho kwa sababu kuanzia kesho mwalimu wa mtoto huyu ni wewe. Shule zimefungwa. Korosho zimekwenda mnadani, wako waliokwisha kulipwa na wako wanaoendelea kusubiri. Kuna anayepanda Newala kwa bibi, kuna wa Tandahimba, wa Masasi, wa Nachingwea, na kuna atakayebaki hapa mjini akizurura Shangani. Tunakutana tena wiki ya pili ya Januari. Hapo katikati pana Krismasi, Mwaka Mpya, harusi sijui ngapi, ngoma, na sahani za pilau zisizo na idadi.

Watu wa mazoezi huingia msimu huu kwa milango miwili, na yote miwili ni mibovu. Mmoja anatundika gi, yaani nguo ya karate, msumarini leo na kuichukua Januari ikiwa na koga mgongoni. Mwingine anaogopa kunenepa, anajiapiza kufanya mazoezi kila siku saa mbili nzima. Siku ya nne anakuja mgeni, siku ya tano ni harusi, siku ya sita anaona amekwisha haribu, anaacha vyote. Huyu wa pili tunamhurumia zaidi, maana alikuwa na nia.

Tunachowaomba sisi ni kimoja: punguza wingi, usipunguze ukali.

Sababu yake ni hii. Mwili haupotezi vitu vyote kwa mwendo mmoja. Pumzi ndiyo ya kwanza kuondoka. Wiki mbili za kukaa tu zinatosha uione tofauti kwenye raundi ya pili ya kumite, yaani pambano la watu wawili. Nguvu ya misuli inavumilia zaidi, wiki tatu au nne kwa mtu mzima aliyejijenga. Kata uliyoijua vizuri, yaani ule mfululizo wa mapigo uliopangwa, hutaisahau kwa mwezi, ila utapoteza kitu kidogo kisichoonekana: kupima umbali na kuwahi. Sasa, kutunza ulichonacho ni kazi nyepesi kuliko kukijenga upya. Aliyekuwa anakuja mara tano kwa wiki akishuka hadi mara mbili au tatu, sehemu kubwa ya pumzi na nguvu zake itabaki kwa wiki hizi tano, kwa sharti kwamba hizo mara mbili au tatu azifanye kwa kasi ileile. Wengi hufanya kinyume. Wanaacha kasi wanabakiza dakika: mtu anakwenda pwani saa nzima, anakimbia taratibu huku anapiga soga, anarudi nyumbani akijihesabia kuwa amefanya mazoezi.

Kwa hiyo ratiba ni siku tatu kwa wiki, dakika thelathini. Ikikosekana siku moja, mbili zinatosha, wala usilipe deni kwa kubandika vipindi viwili siku moja. Fanya alfajiri. Desemba hapa kwetu jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili, hivyo ukianza saa kumi na moja na nusu unaona vizuri unapokanyaga, na unamaliza kabla halijaanza kuuma. Jioni nako kunafaa, lakini jioni ya sikukuu si yako, ni ya wageni.

Dakika sita za kwanza ni kupasha: kutembea haraka, kukimbia papo hapo, kuzungusha nyonga na mabega, mateke ya kurusha mguu ulionyooka, kumi kila upande, kuanzia usawa wa kiuno na kupanda. Usianze kwa kujinyoosha ukiwa umekaa chini na mwili baridi. Hiyo weka mwisho. Halafu kata moja, moja tu, mara tatu kwa nguvu zote na dakika moja ya kupumzika katikati. Chagua kata ya mtihani wako ujao, usichague ile unayoipenda. Kisha kazi ya pumzi: sekunde ishirini za ngumi na mateke hewani kwa kasi yote uliyo nayo, sekunde arobaini za kupumua, mara nane. Ukiweza kuongea sentensi nzima baada ya raundi ya nane, ujue ulijidanganya kwenye zile saba. Mwisho pampu, yaani pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na tumbo, seti mbili mbili, kila seti uache ukiwa umebakiza mbili au tatu za kuweza. Dakika tatu zilizobaki ndizo za kujinyoosha.

Wadogo wa chini ya miaka kumi hawana haja ya hayo yote. Kata mara tatu, kuruka kamba, kucheza. Mtoto anayekimbizana na wenzake chini ya mikorosho kutwa nzima, pumzi yake iko salama kuliko ya mwalimu wake.

Mlio mjini mtakwenda ufukweni, na ni vizuri, lakini mchanga una mambo yake. Mchanga mkavu, ule laini wa juu, unaacha kisigino kizame kuliko vidole, na kila hatua inavuta kigimbi na kano ya kisigino zaidi ya ilivyozoea. Kimbia kwenye mchanga mbichi ulioshikana, maji yakiwa yamekupwa. Saa ya kupwa husogea kama dakika hamsini kila siku, kwa hiyo aliyekuta uwanja Jumatatu asitegemee kuukuta saa ileile Jumamosi. Ufuo pia umeinama kuelekea baharini. Ukienda upande mmoja tu, mguu mmoja unakuwa kama mrefu na goti linalalamika. Nenda na rudi kwa mstari uleule. Siku mbili za kwanza, dakika kumi za mchanga zinatosha. Na vaeni raba, hasa asubuhi ya tarehe 26 na ya tarehe 1, kwa sababu ya vigae vya chupa za usiku.

Mnaopanda bara, uwanja wa hatua nne kwa nne unatosha. Kata ikikufikisha ukutani, rudi nyuma hatua moja uendelee, usiifupishe. Fagia kwanza, na uchunguze vidole vya miguu kila jioni, maana funza hawajui mkanda mweusi. Msipige mashina ya mikorosho kwa ngumi. Ubao wa makiwara, ule wa kuzoezea ngumi, unakunja kidogo unapopigwa, ndiyo kazi yake. Shina halikunji, nguvu yote inarudi kwenye vifundo vya vidole na kiwiko. Kwa aliye chini ya miaka kumi na minane hatutaki kabisa, mifupa yake bado inakua kwenye ncha zake. Tena wanaobangua korosho nyumbani waangalie mikono: mafuta ya ganda lake yanababua ngozi, na kiganja chenye malengelenge hakipigi pampu wiki nzima.

Joto. Desemba ni mwezi wa joto na unyevunyevu, jasho halikauki mwilini, na jasho lisilokauka halipozi. Kuna vijana wanavaa jaketi la mvua au kujifunga nailoni tumboni ili "wakate mafuta". Unachokata ni maji, na utayarudisha kwa glasi tatu. Hatari yake ni kubwa: mtu akianza kuropoka, kuyumba au kukataa maji katikati ya mazoezi, huyo si mlegevu, joto limempanda kichwani. Mpeleke kivulini, mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Msisubiri kuona kama atatulia.

Kujua maji unayohitaji, jipime kabla na baada ya mazoezi. Nusu kilo iliyopungua ni nusu lita ya jasho. Kunywa hiyo na nusu yake tena, polepole, ndani ya saa mbili tatu. Dafu linafaa. Aliyetoka jasho jingi au anayeharisha, achanganye lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kosa la nyumbani ni kutia chumvi kijiko kizima kwa kudhani ndiyo dawa zaidi. Kwa mtoto hiyo ni hatari. Onja: ikizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya.

Tuje kwenye chakula, najua ndicho mnachosubiri. Kuleni pilau. Mtu anayekwenda kwa shangazi yake siku ya sikukuu akakataa sahani kwa sababu ya karate, ameitia karate aibu. Mizani ikipanda kilo moja na nusu asubuhi ya tarehe 26 usishtuke. Wanga unaohifadhiwa misulini hushika maji, takriban gramu tatu kwa kila gramu yake, na chumvi ya mchuzi nayo inazuia maji. Kuongeza kilo moja ya mafuta halisi kunataka kama kalori 7,700 juu ya mahitaji yako, na hizo ni sahani nyingi mno kwa siku moja. Ndani ya siku tatu nne mizani inarudi yenyewe. Anayenenepa Desemba hanenepeshwi na siku ya sikukuu, ananenepeshwa na siku thelathini za kudokoadokoa. Soda ya mililita 350 ina kama vijiko tisa vya chai vya sukari. Nne kwa siku ni zaidi ya robo ya kilo ya sukari ndani ya siku mbili. Korosho nazo: konzi moja ndogo, gramu thelathini, ni kalori 160 hivi. Ni chakula kizuri, ila huku kwetu sinia linakaa mezani kutwa na mkono haujui kuhesabu. Chota kwenye kibakuli, sinia lirudi ndani.

Shika protini kila mlo. Mtu wa kilo sitini anayefanya mazoezi anahitaji kama gramu themanini hadi mia kwa siku. Gramu mia za samaki aliyepikwa zinakupa ishirini na zaidi, kikombe cha kunde au mbaazi zilizopikwa kama kumi na tatu. Ugali wa muhogo peke yake hauna karibu chochote cha aina hiyo, kwa hiyo ukubwa wa kitoweo ndio uangalie. Baada ya mlo mzito subiri muda wa saa tatu kabla ya kuruka.

Pombe ni kwa watu wazima wanaokunywa, na hatuna mahubiri. Msimu huu mabibo ni mengi na uraka haukosekani. Kesho yake asubuhi usifanye mazoezi makali: maji yamepungua mwilini na macho yanachelewa kuona ngumi. Tembea, kunywa maji, lala. Gongo msiiguse hata kidogo, hakuna anayejua imechanganywa na nini.

Sasa jambo ambalo wazazi huliacha mpaka lituangukie Januari. Likizo hii ndiyo wavulana wengine wanaingia jando, iwe kwa mila au hospitalini. Tuambieni. Kidonda kikifunga juu haina maana kimepona ndani, na teke la juu au kupanua miguu linaweza kukifungua. Sheria yetu hapa ni wiki sita bila kugusana na bila mateke ya juu, na hata baada ya hapo nesi aseme kwanza. Akiwa na uchungu wa kukosa, aje akae pembeni ahesabu kwa Kijapani. Mabinti waliotoka unyago nao wasiulizwe walikuwa wapi; anarudi kwenye nafasi yake mstarini, basi.

Na malaria, kwa kuwa mvua zinaanza. Mwenye homa hafanyi mazoezi, hata ya kunyoosha. Akianza dawa ya mseto amalize dozi zote za siku tatu, arudi atakapokuwa anakula kawaida, na wiki ya kwanza afanye nusu ya kazi.

Kwenye mikusanyiko ya familia kuna mtihani ambao hauna mkanda. Mjomba atasema, "Hebu mwanangu tuonyeshe hiyo karate." Mjomba hakataliwi, hasa huku kwetu. Onyesha kata moja, salamu mwanzo, salamu mwisho, kaa. Usivunje tofali, usipige teke mbele ya uso wa mtu, na usikubali kushindanishwa na binamu ambaye hajafundishwa. Yeye hajui kuanguka. Ukimtupa kwenye sakafu ya saruji, kichwa chake ndicho kitakachotangulia. Kukaba shingo na kupinda viungo, wala kwa mzaha. Wakikuita kwenye ngoma, nenda. Anayecheza sindimba barabara dakika kumi amefanya kazi ya nyonga ambayo wengi wenu hamuifikishi kwenye gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma.

Ugomvi wa mkesha wa mwaka mpya tuuseme kwa urefu kidogo. Karibu wote huanza na kukanyagana, kumwagiana kinywaji, au neno kuhusu mtu uliyefuatana naye. Ukifika mahali penye watu, angalia milango miwili, siyo ule ulioingilia tu. Wote watakimbilia ule. Mtu akikujia juu, mguu mmoja nyuma, viganja wazi usawa wa kifua, umbali wa mkono wake na hatua moja. Viganja wazi vinaonekana kama unaomba, na viko tayari kulinda. Sema kwa sauti ya kusikika na waliopo: "Kaka samahani, yaishe." Kisha ondoka kwa kurudi nyuma, usimpe mgongo mpaka umbali uwe mkubwa. Usiseme wewe ni mtu wa karate. Ukisema hivyo umemwambia atafute chupa au kisu, na marafiki zake wawili. Akikuita mwoga mbele ya watu, hilo ndilo pigo lenyewe, lipokee ulimeze.

Ukilazimika kujitetea, lengo ni nafasi ya kutoka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kujitetea kwa nguvu ya kadiri. Mtu akishaanguka au akishageuka, pigo linalofuata ni kosa lako. Ukiumia, pitia polisi upewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ndipo uende hospitali, na kama hali ni mbaya tangulia hospitali, karatasi ifuate. Siku inayofuata tupigie simu kabla hatujasikia kwa watu.

Januari. Japani, dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, huanza mwaka kwa kagami biraki, sherehe ya kufungua mwaka, na Kodokan, shule kuu ya judo, wanaifanya tangu 1884. Wana pia mazoezi ya baridi, kangeiko, alfajiri kwenye majira makali kabisa. Kuna walimu wanaoiga hilo Afrika kwa kuwapigisha watu mateke elfu moja siku ya kwanza ya Januari, katika joto la nyuzi thelathini. Huko ni kuiga nguo bila kupima mwili. Hapa tutaanza hivi: wiki ya kwanza nusu ya kazi ya kawaida, hakuna kumite ya wazi, mateke mwisho kifuani. Wiki ya pili robo tatu. Ya tatu kamili. Mtihani wa mikanda hautafanyika Januari, msituombe.

Mtaona mnaweza zaidi, na hapo ndipo watu huumia. Pumzi na misuli hurudi mapema, kano zinakawia. Mtu anajisikia mzima, anarusha teke la juu la kwanza, msuli wa nyuma ya paja unakatika kama kamba. Maumivu ya kawaida ya misuli hukolea siku ya pili na kuisha baada ya siku nne tano, hayo vumilieni. Lakini misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi, na mkojo ukatoka rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hiyo ni misuli inayoyeyuka na kuziba figo, na husababishwa hasa na mazoezi ya sifa baada ya kukaa.

Vifaa. Gi ifuliwe leo kwa maji baridi, bila dawa ya klorini, inaunguza nyuzi za pamba na kuacha manjano. Ikauke kabisa, ipigwe pasi, iwekwe kwenye foronya. Mfuko wa nailoni ndio unaozalisha koga. Glovu zijazwe gazeti ndani. Kikinga meno kisiachwe juani wala kwenye dashibodi ya gari, kinalainika na kupoteza umbo la meno yako.

Na mikeka hii tunayokalia tunaiosha sasa, ndiyo desturi ya kufunga mwaka kwenye dojo nyingi. Sabuni kwanza, kwa sababu klorini ikikuta uchafu inaisha nguvu kabla ya kuua choa. Suuza. Halafu dawa ya klorini ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, ikae dakika kumi, suuza tena. Msichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo, mvuke wake unaumiza mapafu. Madirisha yote wazi. Mikanda ya njano na ya machungwa, ndoo ziko mlangoni, choteni maji. Kijani na bluu, inueni mikeka ya ukutani kwanza, huko ndiko panya wamejificha. Mikanda ya kahawia watachanganya dawa, wadogo wasiiguse. Wazazi, karatasi za ratiba ziko mezani. Kila mmoja achukue ya mwanawe na atuandikie upande wa nyuma atakuwa wapi, na namba ya simu inayopatikana huko.